Theluji ya Pamba

Mwaka mmoja, majuma machache kabla ya shule kufungwa, nilialikwa katika shule moja ya sekondari ya Mkoa wa Pwani kutazama maonyesho ya kazi za mikono ambazo wanafunzi walikuwa wamezitengeneza kwa ajili ya sikukuu ya Krismasi. Juu ya meza ndefu zilipangwa kadi, mapambo na zawadi ndogo ndogo. Kazi zilikuwa safi, na bidii ilionekana. Lakini nilipoinua kadi moja baada ya nyingine niliona picha ile ile: nyumba yenye paa la mteremko mkali na dohani ya matofali, msonobari uliochongoka, mzee mwenye ndevu nyeupe, na juu ya paa, ardhi na matawi, theluji. Theluji hiyo ilikuwa pamba iliyobandikwa kwa gundi. Nje ya dirisha jua lilikuwa kali, na matawi ya mwembe uliokuwa uani yalikuwa yameinama kwa uzito wa maembe.

Nilimwuliza kijana mmoja, ambaye kadi yake ilikuwa nzuri kuliko zote, nyumba ile ameiona wapi. Alinijibu bila kusita kwamba ameiona katika kadi nyingine. Nikamwuliza anakusudia kumpa nani. Akasema, bibi yake. Na bibi yako hufanya kazi gani? Husuka mikeka ya ukindu; hata majirani huenda kwake kujifunza kutia rangi. Basi kwa nini hukumtengenezea kitu cha ukindu? Kijana alicheka kwa haya, na wenzake wakacheka pamoja naye.

"Ukindu si wa Krismasi," akasema.

Makala haya yanakusudia kulijibu neno hilo. Simlaumu kijana aliyelitamka, maana hakuzaliwa nalo. Alifundishwa, na waliomfundisha ni sisi: walimu, wazazi, wenye maduka, wachapaji wa vitabu na wachoraji. Neno lile ni dogo, lakini ndani yake mna hukumu nzima juu ya utamaduni wetu. Lasema kwamba vitu vya kwetu ni vya kazi, vya jikoni, vya kulalia na vya shida. Furaha na uzuri vina makao yao kwingine, na anayetaka kufurahi hana budi kwenda kuviomba huko.

Tazama kwanza ile pamba. Pamba ni zao letu. Wakulima wa Usukuma, kutoka Mwanza na Shinyanga hata Simiyu, huipanda, huipalilia na kuichuma kwa mikono yao. Ingeweza kusokotwa ikawa uzi, uzi ukafumwa ukawa kitambaa, na kitambaa kikatariziwa. Sisi tumeichukua tukailazimisha ijifanye theluji ya Ulaya. Mali iliyotoka jashoni mwa mkulima wetu imegeuzwa kuwa kivuli cha hali ya hewa ya watu wengine. Na mwanafunzi anayeibandika hujiona amefanya kazi ya mikono, na mwalimu humpa alama nzuri kwa kujitegemea!

Hapa ndipo kosa lilipo. Tumezoea kudhani kwamba kitu kikitengenezwa kwa mkono wetu, basi kimekuwa chetu. Sivyo. Mkono hutii jicho, na jicho likiwa la kuazima, mkono nao huwa kibarua tu. Watu husema wanatafuta ilhamu, yaani lile wazo linaloamsha moyo na kuutuma mkono kazini. Kisha hufungua simu, hutazama picha iliyopigwa katika nyumba ya mbali, na kuinakili mstari kwa mstari. Huko si kutafuta ilhamu. Huko ni kuikwepa.

Wako watakaonijibu kwamba Krismasi ililetwa na wageni, na kwamba anayeipokea sikukuu hana budi kuipokea pamoja na mapambo yake. Hoja hii yasikika kuwa na nguvu mpaka mtu aulize mapambo hayo yalitoka wapi. Tukio linalokumbukwa siku hiyo halikutukia katika nchi ya theluji na misonobari ya Ulaya. Habari zake ni za Bethlehemu, mji wa wachungaji. Na Ukristo ulikuwa umekwisha kukaa Misri na Ethiopia kabla mataifa mengi ya kaskazini mwa Ulaya hayajaupokea. Basi theluji si sehemu ya imani hiyo. Ni sehemu ya nchi za watu walioipokea imani hiyo, wakaipamba kwa vitu walivyokuwa navyo.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa kila mahali. Mwaka 1223 Fransisko wa Asizi alipotaka watu wa kijiji cha Greccio, nchini Italia, waione hali ya kuzaliwa kwa Yesu, alitengeneza hori, akaweka nyasi kavu, akaleta ng'ombe na punda. Hakuagiza kitu ng'ambo. Alitumia vile ambavyo mkulima wa Greccio alikuwa navyo zizini. Wajerumani waliuingiza ndani ya nyumba mti wa jamii ya msonobari kwa sababu katika miezi ya baridi, wakati miti mingine imepukutisha majani, huo hubaki na ubichi wake. Kwao mti huo ulikuwa neno la tumaini, nao walilisoma nje ya mlango wao. Waingereza waliupenda sana katika miaka ya 1840, walipoona familia ya Malkia Victoria, ambaye mumewe alikuwa Mjerumani, ikiusimamisha nyumbani mwake. Kadi ya kwanza ya Krismasi ya kibiashara ilichapwa London mwaka 1843 kwa agizo la Henry Cole, mtu mwenye shughuli nyingi aliyekosa wakati wa kuandika barua kwa rafiki zake wote. Picha yake haikuwa na theluji wala mzee mwenye ndevu. Ilionyesha jamaa wakinywa pamoja mezani, na pembeni maskini wakipewa chakula na nguo.

Na yule mzee mwenye ndevu? Chanzo chake ni Mtakatifu Nikolao, askofu wa Myra, mji uliokuwa katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Umbo alilo nalo sasa alipewa hatua kwa hatua huko Marekani. Mchoraji Thomas Nast alianza kumchora katika gazeti la Harper's Weekly mwaka 1863, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, naye alimpeleka kambini kwa askari. Tangu mwaka 1931 matangazo ya Coca-Cola yaliyochorwa na Haddon Sundblom yaliisambaza sura yake nene na nyekundu duniani kote. Mwanafunzi anayemchora mzee huyo kwa uchaji, akidhani anachora jambo la kale la imani, kwa kiasi fulani ananakili tangazo la soda.

Simkebehi mtu. Nasema tu kwamba Fransisko, Wajerumani wale na Nast walifanya jambo moja: walitazama mahali walipokuwa na watu waliokuwa nao. Hata leo watu wa Ufilipino, ambao hawana theluji, huunda taa za umbo la nyota kwa fito za mianzi na karatasi, wakazitundika madirishani mwezi wa Desemba. Hakuna awacheka kwamba mianzi si ya Krismasi. Tukitaka kweli kuwaiga watu hawa wote, tuige kazi yao ya kutazama. Kunakili walichokiona wao na kufumba macho yetu sisi ni kuwaiga vibaya.

Historia yetu yaeleza kwa nini twafumba macho. Shule za kikoloni zilimpa mtoto vitabu vyenye picha za nchi nyingine, na zikamwachia afikiri mwenyewe kwamba nchi isiyo vitabuni si nchi. Desemba 1962, Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akieleza jinsi ukoloni ulivyowafanya watu waone haya kwa mambo yao wenyewe. Hakusema tuyakatae ya wageni. Alionya kwamba taifa lisilotaka kujifunza kwa wengine ni taifa la wajinga, lakini kujifunza si kuacha ulichonacho. Mwaka 1967 Elimu ya Kujitegemea ikaja kutaka shule zisitenganishwe na kazi za wananchi. Maneno hayo tumeyafundisha, tumeyatungia maswali ya mitihani, na wanafunzi wameyajibu vizuri. Lakini jibu la mtihani na kicheko cha haya vimekaa katika kifua kimoja bila kugombana.

Leo hakuna mkoloni anayesimama mlangoni mwa darasa. Nafasi yake imeshikwa na biashara, ambayo haina haja ya kiboko. Ifikapo Novemba maduka ya miji yetu hujaa misonobari ya plastiki na theluji ya kupuliza. Simu huleta picha elfu kwa siku moja. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi na vifaa vichache huchagua picha iliyo karibu naye, na iliyo karibu naye ndiyo iliyotoka mbali. Namwelewa mwalimu huyo. Hata hivyo sikubali kwamba hana njia nyingine.

Kabla sijaitaja njia hiyo, yanipasa nibishane na ndugu zangu wa upande wa pili. Hawa wakisikia mjadala huu hukimbilia methali, "Mwacha asili ni mtumwa," wakaishia hapo. Kwao asili ni kitu kilichofungiwa kabatini: ngoma, mkuki na kibuyu chenye vumbi. Hutaka tuyatupe yote yaliyotoka nje. Lakini kanga imetoka wapi? Kanga za zamani zilichapwa ng'ambo na kuletwa kwa meli. Wanawake wa pwani ndio walioipa kanga jina, wakaifanya iseme kile ambacho mdomo waona haya kusema. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972, alitumia hadibodi na rangi za kupakia baiskeli. Ubao ulikuwa wa kiwandani na rangi za dukani, lakini chui, ndege na mibuyu aliwaona kwa jicho lake, na kwa sababu hiyo dunia nzima yajua kwamba picha zile ni za Tanzania. Linganisha na kadi ile: pamba yetu, jicho la wengine. Tingatinga alikuwa na rangi ya wengine na jicho lake. Ni nani kati ya hawa wawili aliyeshika asili?

Wako pia wanaodhani kwamba wameutetea utamaduni kwa sababu wanauza vinyago. Nimeona katika duka moja twiga wa mti aliyevishwa kofia nyekundu ya yule mzee wa Marekani. Fundi aliyemchonga ana mkono hodari. Pengine mkono wa aina ile ile iliyochonga mipingo ya ujamaa ya Wamakonde, ambamo watu hubebana mabegani kizazi juu ya kizazi. Lakini hapa fundi hakujiuliza yeye anaona nini. Alijiuliza mgeni atanunua nini. Simnyimi riziki yake. Nasema tu kwamba kazi iliyotengenezwa kumpendeza mpita njia haiwezi kuwa mwalimu wa watoto wetu.

Basi ilhamu tuitafute wapi? Kwanza, kwa mtu atakayepokea. Zawadi hupewa mtu, na mtu ana kazi yake, umri wake na shida zake. Kijana anayetaka kumpa babu yake zawadi na akumbuke jinsi babu anavyokaa jioni na wazee wenziwe. Amchongee bao lenye safu nne za mashimo manane, amtafutie kete 64 zilizo sawa. Binti amtazame mama yake akipika, aone kwamba mpini wa upawa umelegea, atafute kifuu kizuri, akisugue mpaka king'ae, akitie mpini mpya. Kwa mdogo wake aunde gari la waya ambalo usukani wake hugeuza magurudumu, au mwanasesere wa gunzi la hindi aliyevishwa kipande cha kanga ya mama. Katika kila kitu hicho mpokeaji ataona kwamba kuna mtu aliyemtazama, na hilo hakuna duka liliuzalo.

Pili, tuitafute katika vitu vinavyotuzunguka na ujuzi uliomo ndani yake. Kina mama wa Kikisi, kando ya Ziwa Nyasa, hufinyanga vyungu ambavyo ukuta wake ni mwembamba na wa kupendeza. Wanawake wa Iringa husuka vikapu vya milulu vilivyoshikana sana. Pwani, makuti machanga ya mkindu hukatwa, huanikwa juani hata yakawa meupe, hupasuliwa kuwa chane, mengine huchemshwa katika rangi. Chane husukwa ukili, na ukili hushonwa ukawa mkeka, kawa au kikapu. Kazi hii haiwezi kumalizwa kwa vipindi viwili vya Ijumaa. Mwalimu anayeitaka kwa Krismasi na aianze Julai. Na asimtume mwanafunzi kujifunza kitabuni pekee. Amwalike msusi wa mikeka darasani, amketishe kitini kama anavyoketishwa mgeni rasmi, na amlipe. Ujuzi unaoombwa bure kila siku hatimaye hufa, kwa kuwa watoto wa mwenye nao huona kwamba haukumpa kitu.

Tatu, tuitafute katika majira na desturi zetu wenyewe. Desemba yetu ina sura yake. Kuna mti wenye maua mekundu kama moto ambao wengi wetu huuita mkrismasi, kwa kuwa huchanua wakati huo. Asili yake ni Madagaska. Mti huo nao ni mgeni, lakini umeota mizizi hapa, na rangi yake ni rangi ya sikukuu tunayoijua tangu utotoni. Kuna maembe, na pakacha la makuti ya mnazi la kuyabebea. Kuna harufu ya ardhi baada ya mvua. Na mtoto wa Marangu akitaka kuchora theluji, na achore! Yeye huiona juu ya Kilimanjaro akitoka mlangoni kwao. Tena aichore upesi na kwa uangalifu, maana barafu ya mlima huo yazidi kupungua. Ugomvi wangu hauko na theluji. Uko na macho yaliyofumbwa.

Hukohuko Kilimanjaro, ambako maelfu ya Wachagga hurudi nyumbani kila Desemba, liko jani la sale. Mtu aliyemkosea mwenziwe humpelekea jani hilo kuomba msamaha, nalo huheshimiwa. Je, iko zawadi inayoifaa sikukuu ya amani kuliko hiyo? Mwanafunzi akilisuka jani la sale katika kifuniko cha zawadi anayompa ndugu waliyekosana, atakuwa amesema jambo ambalo utepe wa dukani hauwezi kulisema.

Na katika mitaa yetu mingi, siku ya Krismasi sahani za pilau hutoka nyumba ya Mkristo zikaenda kwa jirani Mwislamu, kama zinavyotoka upande wa pili siku ya Idi. Kwa hiyo nisieleweke kwamba nazungumza na Wakristo peke yao. Kawa nzuri ya ukindu iliyoifunika sahani hiyo, kisha ikaachwa kwa jirani iwe zawadi, ni ya sikukuu zote mbili. Vivyo hivyo kikapu. Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Mlango ulifunguliwa kwa msusi wa vikapu. Nasi tukaupita mlango huo tukiwa na mifuko mingine ya viwandani. Bado hatujachelewa. Zawadi iliyotiwa katika kikapu haihitaji karatasi ya kung'aa itakayochanwa na kutupwa jioni ile ile.

Najua pingamizi la mwisho, ambalo wanafunzi hulifikiri ingawa hawalisemi: vitu hivi ni vya kimaskini. Atakayetoa upawa wa kifuu ataonekana hana fedha. Hii ndiyo haya iliyokuwa katika kicheko cha vijana wale, na inafaa tuikabili waziwazi. Wahenga walisema, "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri." Hawakusema hivyo ili kuwafariji maskini. Walisema hivyo kwa sababu walijua kwamba mali yaweza kutolewa bila moyo, na kwamba mpokeaji hutambua. Pambo la plastiki lililonunuliwa haraka lina bei, nayo hujulikana. Mkeka uliosukwa kwa majuma mengi una siku za maisha ya mtu ndani yake. Anayeuita huu wa kimaskini, na pambo lile la kitajiri, hesabu yake imepotoka, na ni wajibu wa shule kuisahihisha kama inavyosahihisha hesabu nyingine.

Namrudia kijana wangu. Ukindu si wa Krismasi, alisema. Msonobari nao haukuwa wa Krismasi mpaka mtu mmoja alipoukata, akauleta nyumbani na kuwaita watoto wake wautazame. Nyasi za Greccio hazikuwa za Krismasi. Zilikuwa chakula cha ng'ombe. Hakuna mmea uliozaliwa na sikukuu. Watu ndio huupa sikukuu yao, wakiupenda na wakiuheshimu. Ukindu utakuwa wa Krismasi siku ambayo kijana yule ataketi chini karibu na bibi yake, ajifunze kupasua chane bila kuzikata, akosee, afumue, asuke tena, kisha amkabidhi kikapu kidogo ambacho mishono yake bado imepinda. Bibi ataiona ile mishono iliyopinda. Atajua ni nani aliyemfundisha.

Walimu, maonyesho ya mwaka ujao yaanze kutayarishwa sasa. Wanafunzi, kabla hamjafungua simu kutafuta picha, fungueni mlango mtoke uani.